Tutazunguka Mpaka Ukubali

“Hii ni raundi ya ngapi?”

“Ya tano,” alijibu Funguo, macho yake nje ya kioo.

“Basi twende ya sita. Mimi sina haraka.”

Daktari alikata usukani kwa kiganja kimoja, taratibu, na gari likaupita tena mlango wa benki, likaupita ubao wa matangazo, likaipita baraza ya fundi cherehani, likarudi palepale lilipoanzia. Vioo vilikuwa juu. Milango ilikuwa imejifunga yenyewe tangu walipotoka yadi. Kiyoyozi kilimpuliza Funguo magotini, lakini kifuani alikuwa anawaka moto.

Mapajani mwake kulikuwa na kalamu na karatasi moja. Ilikuwa barua ya kuacha kazi. Ilikuwa na jina lake, tarehe, na shukrani nyingi kwa uongozi wa yadi. Kilichokosekana ni sahihi yake tu, maana maneno yote Daktari alikwisha kumwandikia.

“Mpenzi, nimekosea wapi?” Daktari aliuliza kwa ile sauti anayomtuliza nayo mgonjwa kabla ya kumchoma ganzi. “Siku tisa tu zimebaki uwe mke wangu. Mke wangu akae garini na wanaume asiowajua, asubuhi mpaka jioni?”

“Ndiyo kazi yangu.”

“Ilikuwa.”

“Naipenda, Daktari.”

“Unaipenda kazi au unanipenda mimi?”

“Hayo ni mambo mawili.”

“Ya saba,” alisema Daktari, akatabasamu, akaupita tena mlango wa benki.

Waache wazunguke kidogo, nikueleze walivyofika hapo.

Funguo si jina alilopewa na mama yake. Ni jina la kazini, kwa sababu ndiye aliyekuwa anashika funguo zote za yadi ile ya magari ya mbio, yale ya chini chini yanayonguruma hata yakisimama. Yeye alikuwa mkabidhi. Mteja akitaka kujaribu gari, Funguo ndiye anayekwenda naye. Mteja anashika usukani, Funguo anakaa pembeni na ufunguo mfukoni, kwa kuwa magari yale huwashwa kwa kitufe tu, mradi ufunguo uwe karibu. Njia ilikuwa moja kwa wote: kutoka yadi mpaka kwenye ule mzunguko mkubwa wa barabara tano, raundi moja, kisha kurudi. Dakika kumi na mbili, na zinaandikwa kwenye fomu.

Mwaka mmoja kabla ya siku hii, alikuja mteja mmoja, daktari wa meno, shati limenyooka kama karatasi mpya. Alipofika kwenye mzunguko hakutoka.

“Umepita njia,” Funguo alimwambia siku ile.

“Najua. Tutazunguka mpaka ukubali kunywa kahawa na mimi.”

Funguo alicheka mpaka machozi yakamtoka. Raundi ya nne akakubali. Gari lenyewe Daktari hakulinunua, na yadi nzima ilimtania Funguo wiki mbili. Siku ile ilikuwa tamu, nisiseme uongo. Mwanamke gani asingeyeyuka?

Lakini raundi zile hazikuishia kwenye kahawa. Walizunguka, sasa kwa gari la Daktari, mpaka Funguo akakubali kubadilisha namba ya simu. Walizunguka mpaka akakubali kuachana na rafiki yake wa tangu shule. Walizunguka siku moja saa nzima kwa sababu alicheka sana kwenye sherehe ya watu. Daktari hakuwahi kumnyanyulia mkono wala kumtukana mbele ya mtu. Alikuwa anazunguka tu, vioo juu, sauti chini, mpaka kichwa cha Funguo kijae kizunguzungu na mdomo wake useme “sawa”. Kisha anamfungulia mlango kama bwana muungwana, na watu barabarani wanasema, “Dada, umepata mume!”

Sasa turudi garini.

“Ya tisa,” Daktari alisema. “Saini, mpenzi, tukale.”

Funguo aliishika kalamu. Kisha akakumbuka jambo.

“Ulisema gari la harusi nichague mimi.”

“Nilisema, na hili si ndilo zuri? Tulivu, sauti ya nje haiingii.”

“Hujalijaribu la pili. Jaribu yote mawili, halafu nitasaini siku utakapochukua lolote.”

Daktari alimtazama kwa pembe ya jicho.

“Lile la paa la kitambaa?”

“Ndiyo.”

“Jumamosi,” alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya dakika hamsini akawasha taa ya kutokea. “Lakini paa likiwa limefungwa. Sitaki vumbi kwenye shati.”

*

Yadini magari hayo mawili yalikuwa yamesimama jirani kama watu waliogombana. La kwanza lilikuwa la milango miwili, jeusi, paa la chuma limeinama nyuma, na mafundi walilibandika jina Kobe kwa ajili ya mgongo wake. La pili lilikuwa la rangi ya matofali, paa lake la kitambaa kinachojikunja, nalo waliliita Kichwawazi.

Fundi wa paa lile alikuwa Sindano. Kazi yake ilikuwa viti na mapaa, na alikuwa mtu wa maneno machache kwa sababu muda mwingi mdomo wake ulikuwa na uzi. Alimkuta Funguo amesimama katikati ya magari hayo mawili, fomu mkononi.

“Daktari amependa lipi?”

“Kobe.”

“Hajakosea. Kwa kona, Kobe ni baba lao. Bodi lote limeshikana, ukikata usukani gari zima linakata. Kichwawazi likipita kwenye mashimo linatikisika kidogo, nisikufiche.”

“Na wewe ungechukua lipi?”

Sindano alitoa uzi mdomoni.

“Kichwawazi.”

“Umesema linatikisika.”

“Linatikisika, lakini unasikia tairi, unasikia injini, unasikia hata mtu anayekuita kando ya barabara. Kobe ukiliendesha unahisi barabara inaonyeshwa kwenye televisheni. Wewe mwenyewe ulinifundisha hayo, umesahau?”

Ni kweli Funguo alikuwa amesahau. Zamani alikuwa akirudi na Kichwawazi nywele zimesimama na meno yote nje, anawahadithia mafundi kona moja baada ya nyingine kama mtoto aliyetoka kuogelea.

Simu yake ikalia. Ujumbe wa Daktari:

“Uko wapi? Nipigie picha ya saa ya ukutani.”

Funguo akainua simu, akaipiga picha saa ya ukutani, akaituma. Alifanya haraka, kwa mazoea, kama mtu anayefukuza nzi. Sindano alikuwa anamwangalia.

“Fomu yako ya jana nimeiona,” Sindano alisema polepole. “Dakika hamsini. Njia ile ni dakika kumi na mbili.”

“Kulikuwa na foleni.”

“Saa nne asubuhi?”

“Sindano, naomba.”

“Sikuulizi kwa ubaya. Nakuuliza kwa sababu una uso wa mtu aliyekwama kwenye lifti.”

Machozi yalimlengalenga Funguo. Akageuka upande wa Kichwawazi, akajifanya anafuta kioo.

“Nionyeshe hili paa jipya,” alisema. “Jumamosi analijaribu.”

Sindano hakumbana zaidi. Alifungua mlango, akaonyesha kitufe katikati ya viti viwili.

“Hiki hapa. Paa nimelishona kwa mkono siku tatu, halivuji. Linafunguka hata gari likitembea, mradi msizidi arobaini. Ukikibonyeza usikiachie mpaka limalize, maana ukikiachia njiani paa linabaki linaning’inia. Hesabu kumi na tano.”

“Kumi na tano,” Funguo alirudia.

“Ni nyingi kama una hofu,” Sindano alisema, akarudisha uzi mdomoni.

*

Nyumbani, mama yake alikuwa mezani anatafuna karanga. Alizitafuna moja moja, kwa fahari, kwa meno ya mbele, ili kila aliyemo chumbani aone.

Mama huyu alikuwa mwalimu. Alianguka kwenye ngazi za shule akapoteza meno sita ya mbele, na tangu siku hiyo akawa anaongea kiganja kikiwa mdomoni. Watoto darasani wakawa wanamwigiza. Aliacha kufundisha kabla ya wakati wake, akaacha kwenda kwenye shughuli za watu, akaacha kucheka. Miaka sita nyumba ile haikusikia kicheko chake. Kisha Daktari akaja kuposa, akamwona, akamshika kidevu kwa upole akasema, “Mama, hili ni jambo dogo.” Akamtengenezea meno ya kuvaa na kuvua, mazuri, yamekaa kama aliyozaliwa nayo. Siku alipoyavaa mama alisimama mbele ya kioo akacheka peke yake mpaka akalia. Funguo naye alilia, na siku hiyo ndipo aliposema moyoni kwamba yeye atamfuata mwanaume huyu popote.

Sasa unaona fundo lilipokuwa.

“Mama,” Funguo alianza, akavuta kiti. “Harusi tukiisogeza mbele kidogo?”

Karanga ikasimama katikati ya safari.

“Isogezwe kwa nini? Nguo yangu Jumamosi naijaribu kwa fundi. Kadi zimekwisha kutawanywa. Kuna nini?”

“Daktari ananichosha.”

“Anakuchosha vipi?”

“Ananiweka garini anazunguka. Anazunguka mpaka nikubali anachotaka.”

Mama alimkodolea macho, kisha akaangua kicheko kikubwa, meno yote nje.

“Mwanangu! Wenzako waume zao hata kuwapeleka sokoni hawataki, wewe unalalamika kuzungushwa kwa gari?”

“Mama, sitanii.”

“Mimi pia sitanii. Mtu aliyenirudishia kicheko mimi, mtu baki, atakuumiza wewe anayekupenda? Ni hofu za harusi hizo. Hata mimi nilitaka kukimbia siku yangu. Kula karanga.”

Funguo alikula karanga. Kila alipotaka kusema zaidi aliyaona yale meno meupe, akaona kiganja kilichokuwa kikiyaziba zamani, akachukua karanga nyingine. Angemwambiaje mama yake kwamba mkono uliomshika kidevu ndio unaomkaba yeye?

Simu ikalia.

“Umefika nyumbani? Picha ya saa.”

“Ni mkwe wangu huyo?” mama aliuliza huku uso ukimng’aa. “Msalimie.”

*

Jumamosi Daktari alifika asubuhi na shati jeupe. Alilizunguka Kichwawazi mara moja, akagonga paa kwa kidole.

“Kama hema,” alisema.

“Linaendesheka vizuri,” Funguo alimjibu. “Utaona.”

Sindano alikuwa mlangoni mwa karakana. Alikunja na kukunjua kiganja kimoja mara tatu: tano, tano, tano. Funguo akaingia garini na ufunguo mfukoni.

Walitoka. Paa limefungwa, vioo juu. Kwa dakika tano Daktari alikuwa mpole kupita kiasi, akasifu gia, akasifu viti. Walipoingia kwenye mzunguko akatoa ile karatasi kwenye mfuko wa shati, akaikunjua, akamwekea Funguo mapajani.

“Nimejaribu la pili kama ulivyotaka. Sipendi. Nachukua lile jeusi. Saini.”

“Hujamaliza kulijaribu.”

“Raundi ya kwanza,” Daktari alisema.

Wakaipita baraza ya fundi cherehani. Mama alikuwa amesimama pale juu ya kigoda, nguo ya harusi mwilini, mkono mmoja umeshonwa na mwingine bado, na fundi mdomo umejaa pini. Mama akawaona, akapunga mkono. Daktari akampungia pia, kwa heshima zote, kisha akashusha sauti.

“Unajua nitakachofanya? Jumatatu nitakwenda mwenyewe kumwambia bosi wako kwamba huna afya nzuri ya akili. Nitasema nakutibu kimyakimya. Wewe unadhani atamwamini nani, mimi au mkabidhi magari?”

“Nisimamishie nishuke.”

“Ya pili.”

“Daktari, sipumui.”

“Unapumua. Saini utapumua vizuri zaidi.”

Funguo aliitazama milango. Imejifunga. Akatazama vioo. Vimefungwa. Nje watu walikuwa wanapita na shughuli zao, midomo yao inacheza bila sauti, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba ndani ya gari lile zuri mtu anazama. Siku saba tu, kisha atatoka ndani ya gari aingie ndani ya nyumba, na ndani ya nyumba afungiwe ndani ya chumba. Alikiona kitufe. Mwendo ulikuwa thelathini, maana Daktari akizunguka hana haraka.

Akapiga moyo konde, akabonyeza.

Moja. Mbili. Juu ya vichwa vyao kitu kikakwaruza, kisha mwanga ukaingia kama maji.

“Unafanya nini?”

“Nakuonyesha gari. Ndiyo kazi yangu.”

“Funga!”

Tano. Sita. Lori la mchanga lilikuwa ubavuni mwao na Daktari hakuweza kuachia usukani. Nane. Tisa. Upepo ukashuka na kuinyanyua ile barua mapajani. Funguo angeweza kuikamata kwa mkono uliobaki. Hakuikamata. Barua ikapanda, ikajigeuza mara mbili hewani, ikaangukia kwenye mchanga wa lori na kwenda zake.

Kumi na nne. Kumi na tano. Paa likalala nyuma, vioo vikashuka nalo, na dunia yote ikaingia garini: honi, injini, redio ya mtu, harufu ya lami ya moto. Funguo akavuta pumzi mpaka mbavu zikamuuma.

“Umeona ulichofanya?” Daktari alikuwa anasema kwa ile ile sauti yake ya chini.

“Nini? Sikusikii!”

“Nimesema umeona ulichofanya!”

“Sema kwa sauti, upepo unayachukua maneno!”

Hapo ndipo Daktari alipokosea. Mtu mzoefu wa magari ya wazi anajua ukipaza sauti kushinda lori, lori linaweza kukata kona na kukuacha na sauti yako. Daktari maisha yake yote alikuwa ameongea ndani ya vyumba vilivyofungwa na magari yaliyofungwa, na wagonjwa wake huwa wamefunguliwa midomo, hawajibu.

“Harusi ipo utake usitake!” alifoka. “Utasaini nyingine!”

“Na nikikataa? Mama yangu utamwambia nini?”

“Mama yako?”

Walikuwa wanaikaribia baraza. Lori likawasha taa, likatoka kwenye mzunguko, na ngurumo yake ikaondoka nalo.

“Mama yako hana la kuniambia! Mdomo wake wote nimeutengeneza mimi! Meno yale ni yangu, siku nikitaka nayachukua, arudi kujiziba kwa kiganja kama kichaa!”

Maneno yale yalitua barazani mazima mazima. Fundi cherehani aliacha pini moja ikaanguka. Vijana wa pikipiki waliokuwa wanasubiri abiria wakageuka wote pamoja. Na mama, juu ya kigoda chake, mkono wake wa kupunga ukabaki hewani.

Daktari alimwona. Akakanyaga breki, akasogeza gari pembeni, na kwa mazoea ya mtu nadhifu akabonyeza kitufe cha kuzima injini.

“Mama, shikamoo,” aliita, na sauti yake ilikuwa imekwisha rudi kwenye asali. “Tulikuwa tunataniana. Haya magari ya wazi, kelele nyingi, mtu anasikia visivyo.”

Mama hakuitikia. Alishuka kwenye kigoda, akashuka ngazi mbili za baraza, nguo imening’inia upande mmoja, mpaka akafika ubavuni mwa gari. Hakukuwa na kioo wala paa kati yao. Alimtazama binti yake kwanza.

“Hivi ndivyo anavyokuzungusha?”

“Ndiyo, mama.”

“Tangu lini?”

“Tangu kabla ya meno.”

Mama alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa yamelowa, lakini hayakuwa na woga.

“Na mimi nikakwambia ule karanga,” alisema. “Nisamehe, mwanangu.”

Akageuka upande, akainamisha kichwa, akayatoa meno. Akayafunga kwenye leso yake mikunjo miwili, vizuri, kama mwalimu anavyokunja cheti, akayaweka kwenye kiganja cha Daktari.

“Chukua mali yako.”

“Mama, usifanye hivyo. Utakula nini?”

“Mkate wa kuchovya. Nilikula miaka sita, sikufa.”

“Mama, watu wanatuangalia.”

“Waache waangalie. Paa si liko wazi?”

Kijana mmoja wa pikipiki alipiga mluzi. Wekundu ukampanda Daktari shingoni mpaka masikioni. Akabonyeza kitufe cha kuwasha. Gari likatoa mlio mmoja mfupi na kunyamaza. Akabonyeza tena. Funguo alikuwa amekwisha shuka, maana milango ilijifungua injini ilipozimwa, amesimama barazani, na ufunguo uko mfukoni mwake. Daktari akakimbilia kitufe cha paa. Nacho kikanyamaza. Akabaki amekaa pale, leso kiganjani, jua kichwani, mtu mzima na shati lake jeupe, hana pa kujificha.

“Leta ufunguo,” alisema kwa sauti ya chini.

“Sikusikii,” Funguo alimjibu.

“Funguo, leta huo ufunguo!”

“Gari ni la yadi. Majaribio yamekwisha. Shuka.”

“Utajuta. Nani atakuoa baada ya aibu hii?”

“Daktari, nimezunguka na wewe mwaka mzima. Leo nimefika. Shuka.”

Alishuka. Alivuka barabara kwa miguu, akipigiwa honi na kila gari alilolikatisha, na hakugeuka nyuma.

Funguo akakaa kwenye ngazi. Alilia, maana alikuwa amempenda kweli, na kumpenda mtu hakuishi kwa sababu tu umemwona alivyo. Mama akakaa pembeni yake na nguo yake ya pini, akamwekea mkono mgongoni, na wakakaa hivyo mpaka fundi cherehani akawaletea maji.

“Nguo hii niifumue, mama?” fundi aliuliza kwa upole.

“Usifumue,” mama alijibu. “Maliza na mkono wa pili. Nitaivaa kwenye shughuli nyingine.”

Simu ya Funguo ikalia. Ujumbe wa Daktari:

“Sina kinyongo. Mwambie mama aje achukue meno yake. Na wewe nitakupitia jioni tuzungumze kwenye gari.”

Funguo akajibu:

“Njoo barazani, mama akiwepo.”

Jibu halikuja, si siku hiyo wala nyingine. Lakini ujumbe mwingine uliingia palepale, wa Sindano:

“Fomu inasema dakika kumi na mbili. Ni ya arobaini sasa. Uko salama? Paa je?”

“Niko salama,” Funguo aliandika. “Paa nalo zima. Limefanya kazi kuliko sisi sote.”

Ikapita dakika nzima, kisha:

“Jumatatu tukanywe chai? Kwa miguu. Ukisema hapana, ni hapana, sitauliza tena.”

“Nani huyo?” mama aliuliza.

“Fundi wa paa.”

“Anataka nini?”

“Chai.”

“Umemjibuje?”

“Nimemwambia nitafikiria. Na nitafikiria kweli, mama, mpaka nitosheke.”

“Fikiria,” mama alisema. “Mimi safari hii simo.”

Mama alibadilisha nguo, akajifunga kitambaa chake kichwani, akapanda Kichwawazi upande wa abiria. Funguo akakaa nyuma ya usukani kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Injini ikanguruma ikapita mgongoni mwake, na mikono yake ikakumbuka yenyewe. Wakaingia kwenye mzunguko. Upepo ukakikamata kitambaa cha mama, mama akapiga yowe dogo, akakishika kwa mikono yote miwili.

Njia ya kutokea kwenda yadi ikaja. Funguo akawasha taa.

“Unatoka kwenda wapi?” mama aliuliza.

“Sheria ya yadi ni raundi moja.”

“Nimesema nataka kutoka?”

“Mama!”

“Zunguka tena. Ongeza na mwendo kidogo.”

Funguo alizima taa, akakanyaga mafuta, akaikata kona mpaka tairi zikalia. Na mama, mikono yake yote miwili ikiwa kichwani inashikilia kitambaa, akaangua kicheko kinywa wazi, ufizi wote nje, mbele ya benki, mbele ya vijana wa pikipiki, mbele ya fundi cherehani aliyesimama barazani kuwaangalia. Hakujiziba. Funguo akamtazama, akacheka naye, akazunguka tena.